Jiwe Lililoshuka Shubiri

Wanasema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo tatu, na zote zilikaa ndani ya mtu mmoja: wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu.

Ya kwanza ni kitalu. Tulikianza wanawake tisa, miaka kumi na moja iliyopita, nyuma ya mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Tuliokota mbegu za mikoko kwenye matope ya kufika magotini, tukajaza udongo kwenye mifuko ya maziwa, tukamwagilia kwa kopo lenye matundu. Wakati huo wifi alikuwa mbali kwa mumewe. Alirudi mwaka juzi na mikono laini na maneno matamu, na kabla vumbi la safari halijamtoka akachaguliwa mwenyekiti wetu. Nami nilinyoosha mkono kumchagua. Ningefanyaje, na watu walikuwa wananitazama.

Sababu ya pili ilikuja na wanajeshi, nitaifikia. Ya tatu ni ya zamani. Marehemu alikuwa mlinzi wa lango la maji pale kwenye chumvi, mtu mpole, mwenye kuswali, hana neno na jirani. Lakini alikuwa na tabia moja. Jambo likimpata, zuri au baya, lilipita kwanza kwa dada yake ndipo lifike kwangu. Kwamba kampuni inafunga, nilisikia kwa wifi. Kwamba kifua kinamuuma na daktari amesema si kikohozi cha kawaida, nilisikia kwa wifi, tena kwa simu, nikiwa na mwiko mkononi na mgonjwa mwenyewe yuko chumbani kwangu. Nilikaa naye miaka kumi na tisa. Nilimfumba macho kwa mkono huu. Na hata siku ya msiba watu walipita mbele yangu wakaenda kumpa pole dada yake kwanza.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo marehemu aliniambia mimi peke yangu. Na jambo lenyewe lilikuwa jiwe.

Mashamba yale ya chumvi zamani yalikuwa mikoko mitupu. Kampuni ikaikata, ikajenga tuta refu la udongo kuizuia bahari, ikavuna chumvi mpaka ikachoka, ikaondoka. Tuta likabaki. Maji ya bahari hayaingii, ya mvua hayatoki, ardhi ikawa nyeupe na kupasuka kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Hata kaa hakupita. Miche yetu elfu saba ilikuwa imepanga mistari kitaluni ikingoja, kama wageni walioambiwa chakula kinakuja. Bila kulikata tuta na kuchimba mfereji, hatukuwa na pa kuipanda.

Bwana mazingira wa wilaya ndiye aliyepata wazo. Alijua kwamba wanajeshi wa uhandisi kila mwaka huenda porini kwa mazoezi, wakachimba mahandaki, kisha wakayafukia mahandaki yaleyale. Akawaandikia kwa nini wasije wachimbe mahali ambapo shimo litabaki na faida. Wakakubali. Siku saba, wakasema, kisha Jumamosi tunaondoka kwenda kambi nyingine, liwe limeisha au halijaisha.

Wakaja na mahema, kijiko kikubwa cha kuchimbia, mbao za daraja na Kapteni kijana, mwenye adabu, ambaye angeweza kuwa mwanangu kama Mungu angenijalia. Jumapili asubuhi Kapteni alitukusanya akatueleza.

"Mama zangu, zoezi letu ni kufanya kazi kama vile adui amezima mitambo yote ya satelaiti. Tutapima kwa darubini na fimbo, kama babu zetu wa jeshini. Kwa hiyo tunahitaji jiwe la alama, lile la zege lenye msumari juu, ambalo urefu wake umeandikwa kwenye ramani ya zamani. Tukilipata hilo, kila kipimo kitaanzia hapo. Nani anajua liliko?"

Wifi akasimama. "Mimi, mwanangu. Kaka yangu alikuwa mlinzi hapa. Nalijua tangu msichana."

Akatangulia, wanajeshi nyuma yake, sisi nyuma ya wanajeshi. Alijikwaa mara moja na Kapteni akamshika kiwiko. Jiwe lilikuwa pale pale kando ya ghala lililobomoka, limefunikwa na magugu. Mpimaji wao, sajenti mwembamba ambaye wanawake walikwisha kumbandika jina la Jicho Moja kwa jinsi alivyofinya jicho kwenye darubini, akapiga magoti, akapangusa msumari, akacheka kwa furaha.

"Mama, umetuokolea siku mbili," Kapteni akamwambia wifi. Kisha akawageukia askari wake. "Kuanzia leo huyu ndiye Mama Mikoko. Akisema jambo kuhusu hapa, ni amri."

Hiyo ndiyo sababu ya pili. Mama Mikoko. Mke wa fundi cherehani, ambaye hakosi neno, akanigusa ubavuni. "Shoga, umezaa wewe, amepewa jina yeye."

Nikacheka naye. Meno yalicheka.

Sasa niseme nilichokijua. Lile jiwe halikuwa mahali pake. Upande lilikuwa sawa, lakini lilikuwa limeshuka chini kuliko lilivyoandikwa kwenye ramani. Marehemu aliwahi kuling'oa akaja nalo nyumbani kwa shida ya nyumbani, na baada ya siku nane akalirudisha. Mvua ilikuwa imekwisha kula shimo. Aliliweka, likazama, akapima kwa kiganja akaniambia, "Limeshuka shubiri na vidole viwili. Nani atajua? Wewe na mimi." Ilikuwa mara ya kwanza nisikie neno hilo, wewe na mimi, bila dada yake kukaa katikati.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, lakini miaka ya kumpelekea mume chakula langoni ilinifundisha maji. Ukidhani jiwe liko juu kuliko lilivyo, utachimba mfereji chini kuliko inavyotakiwa. Shubiri nzima na ushee. Bahari itaingia vizuri, watu watapiga makofi, kisha maji yatapwa na yale ya ndani yatabaki kama kwenye bakuli, kwa kuwa sakafu ya mfereji itakuwa chini kuliko matope ya nje. Na mche wa mkoko si mchicha. Unavuta pumzi kwa mizizi maji yakiondoka. Uufunike siku kumi bila kupwa, unaoza kuanzia chini huku majani bado ni ya kijani, ukidhani mzima.

Nilijua hayo Jumapili mchana, na sikusema. Nimeandika hapa kwa sababu ni kweli. Nilimtazama wifi akitembea na ile fimbo ya kupimia waliyompa aishike, mgongo umenyooka kama bibi harusi, nikasema moyoni: nenda, Mama Mikoko, nenda na jiwe lako.

Kazi ikaanza. Kijiko kilianza kulila tuta kutoka upande wa ndani, kikiacha ukuta mwembamba upande wa bahari, ambao ungevunjwa Ijumaa. Askari wengine walifanya zoezi la kubeba majeruhi, na majeruhi wenyewe walikuwa miche yetu. Waliipanga kwenye machela, mifuko arobaini kwa machela moja, wakapita nayo kwenye matope wakiinama kama wanapigwa risasi. Mche ukivunjika, koplo anapaza sauti, "Majeruhi amefariki," na wale wanne wanarudi mwanzo. Mke wa fundi cherehani alicheka mpaka akakaa chini.

"Jamani, miche hii ina bahati. Mimi nilipojifungua nilipelekwa kwa toroli."

Walipotaka kujifunza kupanda wakaipanga ya majaribio mistari iliyonyooka kama gwaride. Nikamwambia koplo, "Mwanangu, mikoko haipigi saluti. Ipande pale udongo unapoinuka, mmoja huku, miwili kule." Akanisikiliza. Kisha akasema, "Ngoja nimuulize Mama Mikoko." Akaenda kumuuliza. Wifi akamjibu maneno yale yale niliyosema, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha, na koplo akarudi anatabasamu kuniambia niko sahihi.

Usiku niliswali, na nilipofika kwenye dua ulimi ukawa mzito. Unamwomba vipi Mungu akuondolee husuda huku umeishika kwa mikono miwili?

Jumanne asubuhi nikaona niseme, lakini nilichagua kusema vibaya. Tulikuwa tunamwagilia kitaluni, wanawake wote wapo. Nikasema, "Wifi, lile jiwe lina kasoro. Limeshuka."

"Limeshukaje? Lina miguu?"

Wakacheka.

"Limeshuka shubiri. Wanachimba chini mno."

"Nani kakwambia?"

Hapo ndipo ningesema: kaka yako. Maneno mawili tu. Nikaona yakitoka kinywani mwangu yanakuwa yake, atayabeba kwa Kapteni, na jambo pekee nililokuwa nalo la mume wangu litahamia kwake kama mengine yote. Nikasema, "Najua tu."

"Unajua tu." Akaweka kopo chini taratibu. "Wifi, nikwambie kwa mapenzi. Tangu waje hawa watoto umekuwa kama sufuria inayochemka chini ya kifuniko. Jiwe halijashuka. Ni moyo wa mtu ndio umeshuka."

"Hiyo imeingia," akasema mke wa fundi cherehani, polepole.

Nikaendelea kumwagilia. Na nitasema kweli tena: nilifurahi. Nilikuwa nimefikisha, sivyo? Nimesema mbele ya mashahidi. Sasa liwe liwalo, na likiwa, halitakuwa shingoni mwangu. Nilitembea nyumbani mwepesi kabisa, nikapika, nikala nikashiba.

Jumatano jioni ilikuwa zamu yangu kufunga kitalu. Nilipita mstari kwa mstari. Safu ya nyuma ni miche niliyoikuza mimi mwenyewe, mbegu nilizookota mwaka ambao mguu ulikuwa umevimba na nilikuwa natambaa. Sasa ilikuwa na majani sita sita, mizito, inang'aa. Nikashika jani moja. Mche haujui nani mwenyekiti. Haumjui wifi. Unangoja maji tu, nami nilikuwa nimeupangia kuoza ili mwanamke mmoja aaibike.

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka adhana ya magharibi.

Alhamisi ilikuwa bamvua, siku ya maji makubwa ya mwezi. Nyumbani kwangu, nyuma ya mlango, nilikuwa na fimbo ya marehemu ya langoni, mti mgumu wenye alama za kisu. Chini yake imechongwa ikae kwenye tundu la zege la lango la zamani, na zege lile halijasogea tangu lijengwe. Tangu afe nimekuwa nikienda nayo kila bamvua, naiweka, naangalia maji yanafika alama ipi, nakwangua kidogo. Watu waliona ni wazimu wa mjane, wakaniacha. Alasiri ile nikaitia kwapani nikaenda moja kwa moja kwenye tuta, upande wa bahari, ambako Jicho Moja alikuwa amesimika kigingi chenye mstari mwekundu. Kapteni alikuwapo, na wifi, na nusu ya kijiji.

"Shikamoo mama," Kapteni akasema. "Umekuja kuona maji?"

"Marahaba. Mstari huu ni wa nini?"

Jicho Moja akanieleza kwa heshima. Jedwali la bahari linasema maji ya leo yatafika kimo fulani saa kumi na dakika kumi. Yeye amepima kimo hicho kutoka kwenye jiwe, akapaka mstari. Maji yakifika pale, vipimo vyote ni sahihi, na kesho wanavunja ukuta.

"Na yakipita?"

Akacheka. "Hayatapita, mama."

"Yatapita kwa shubiri na vidole viwili."

Wifi akafunika uso kwa kiganja kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya ndugu. "Kapteni, msamehe. Amefiwa, na hili eneo..."

"Nimefiwa miaka saba iliyopita," nikasema. "Akili sijafiwa."

Mke wa fundi cherehani akakohoa. Kapteni akanitazama, akatazama fimbo, akatazama saa. "Bado dakika arobaini. Tungoje basi. Kungoja nako ni zoezi."

Nikaichomeka fimbo kwenye tundu lake la lango, hatua chache kutoka kwenye kigingi, nikafunga uzi mweupe kwenye alama ya bamvua. Tukangoja. Maji yalikuja kama yanavyokuja siku zote, bila kelele, yakijaza nyayo za watu moja moja. Yakafika mguu wa kigingi. Yakapanda. Saa kumi kasoro robo yakagusa mstari mwekundu, na Jicho Moja akashusha pumzi. Kisha yakauzamisha. Saa kumi na dakika kumi maji yalisimama, na uzi wangu mweupe ulikuwa umelowa nusu.

Jicho Moja akaingia majini na viatu vyake, akaweka rula. "Sentimita ishirini na sita," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikaweka kiganja changu hewani, nikakunjua, nikaongeza vidole viwili.

Nilidhani nitaona utamu. Nilikuwa nimeungoja siku nne. Ukaja, siwezi kukataa, ulinipanda mpaka masikioni. Kapteni akavua kofia. "Mama, umejuaje?"

Macho yote kwangu. Hata askari wa machela walisimama na majeruhi wao.

"Mume wangu aliling'oa jiwe lile akalifanya la kukanyagia nyumbani. Baada ya siku nane akalirudisha. Likazama. Alinipimia mwenyewe kwa kiganja."

"Na hamkumwambia mtu?"

"Aliniambia mimi."

Sikumtazama wifi wakati nasema hivyo, lakini nilisema kwa ajili yake. Mungu anajua, nami najua.

Kapteni hakupoteza muda. Alisema ni bora aibu ya Alhamisi kuliko ya Jumamosi, akamwamuru Jicho Moja apime upya kutoka kwenye tundu la fimbo yangu. Kijiko kikarudi kikashindilia udongo kwenye sakafu ya mfereji, tabaka juu ya tabaka, na askari wakaukanyaga kwa mguu, wakiimba nyimbo zao za mwendo ambazo maneno yake mengine hayafai kuandikwa na mjane. Walifanya kazi kwa taa mpaka usiku wa manane. Ijumaa mchana, baada ya swala, ukuta ukavunjwa. Bahari ikaingia polepole kwenye ardhi nyeupe, ikajaza nyufa, na ilipopwa ikatoka yote, ikaacha matope meusi yanayometameta. Kesho yake asubuhi niliona kaa mmoja anatembea juu yake, kama mwenye nyumba aliyerudi kukagua.

Siku hiyo ya Jumamosi tulipanda, na machela yakaenda na kurudi. Kwenye hotuba Kapteni alimshukuru tena Mama Mikoko, kwa sababu jina lilikwisha andikwa kwenye bango, na rangi ilikuwa imekauka. Kisha akasema, "Na mama mwenye fimbo." Watu wakapiga makofi. Mengi zaidi, nilihesabu kwa sikio. Ndivyo nilivyo.

Mahema yalipokuwa yanakunjwa wifi akanifuata. Nilikuwa kando ya ghala, karibu na lile jiwe. Hakuwa na maneno matamu siku hiyo. Alilitazama jiwe muda mrefu, kwa jicho ninalolifahamu, kwa sababu ndilo jicho nililokuwa nikimtazama nalo yeye.

"Hakuniambia," akasema.

"Hakukwambia."

"Kaka yangu alikuwa ananiambia mpaka ndoto zake." Akajifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Na mimi nikakutukana mbele za watu. Unisamehe, wifi."

"Nimekusamehe. Na mimi nilipaswa kukwambia vizuri Jumapili. Nilikuacha uende na jiwe bovu. Unisamehe na wewe."

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nilidhani yamekwisha. Lakini akachuchumaa, akaweka mkono juu ya ule msumari.

"Lilikuwa la kukanyagia wapi?"

"Penye pipa la maji."

"Kwa nini akalirudisha baada ya siku nane tu?"

"Lilikuwa mali ya kampuni."

"Kaka yangu alileta nyumbani mbao za kampuni, misumari ya kampuni, mpaka kengele ya kampuni, na hakurudisha hata kijiti." Akainua macho. "Kuna lingine, wifi. Aliling'olea nini?"

Kulikuwa na lingine. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, moja tu niliyowahi kuibeba, na penye pipa palikuwa na utelezi, nilikwisha anguka mara moja. Alikwenda kulileta begani, jiwe la watu wawili, akaliweka, akanishika mkono nikapanda. Akasema, "Kanyaga hapa, mke wangu. Dunia yote ikiteleza, hapa hapatelezi." Siku ya nane mimba ikatoka. Siku hiyo hiyo akalibeba akalirudisha, kwa sababu hakuweza kuliona pale. Hakumpigia dada yake simu. Alikaa kitandani kando yangu, na hakumpigia mtu yeyote.

Wifi alikuwa bado amechuchumaa, anangoja. Alikuwa dada yake. Pengine alikuwa na haki.

"Inuka, wifi," nikamwambia. "Maji yanarudi, na safu ya nyuma bado haijapandwa."

Nikampa mkono kumwinua, tukashuka pamoja kwenye matope, yeye mbele, mimi nyuma na fimbo yangu.